Wafalme wa Bukini na Watu Walioshika Mlango

Maneno yaliyosemwa mbele ya wandugu wa kambi na wa site, jioni baada ya kazi



Katika mkutano uliopita mzee mmoja wa kazi ya chini alisimama akatuuliza: "Ninyi makalani mnasoma vitabu. Basi tuambieni, mfalme akifa, ni nani anayechagua mfalme mwingine? Ni Mungu, ni damu, ama ni wale wanaokaa karibu na kitanda chake?" Watu walicheka sana. Sisi tulikwenda nyumbani na swali hilo, tukatafuta, na leo tunaleta jibu la inchi moja tu. Hatukuleta ya inchi zote, maana usiku ungetukuta hapa na kesho king'ora kinalia saa ile ile.

Inchi yenyewe ni kisiwa cha Bukini, ndicho kile kinachoitwa Madagaska katika ramani. Wazee wa pwani waliwaita watu wake Wabuki. Msidhani ni mbali sana na sisi. Lugha yao asili yake ni visiwa vya upande wa Asia, lakini wanapomwita ng'ombe wanasema omby, kuku wanasema akoho, na kanga wa porini ni akanga. Sikilizeni wenyewe mtajua maneno hayo yalivuka maji kutoka wapi. Tena bendera yao ya uhuru ilipanda tarehe 26 mwezi wa sita mwaka 1960, siku nne mbele ya yetu. Kwa hiyo ni majirani, hata kama majina yao ni marefu kama treni inayoshuka Sakania. Mtuvumilie tukikwama.

Katikati ya kisiwa kuna milima, na juu ya milima ile kuna inchi ya Imerina, na mji wake mkubwa ni Antananarivo. Watu wa Imerina walikuwa kwa ngazi tatu. Juu walikuwa andriana, watu wenye damu ya kifalme. Chini yao walikuwa hova, watu huru, wakulima, wafanya biashara, askari. Chini kabisa walikuwa andevo, ndio watumwa. Shikeni vizuri neno la pili, hova, kwa sababu habari yote ya leo imo humo. Hova aliweza kuwa tajiri, aliweza kuwa jemadari, aliweza kushika hazina na bunduki zote za inchi. Lakini kuketi juu ya kiti cha ufalme hakuweza. Damu yake ilimzuia. Basi akatafuta njia nyingine.

Njia ile ilianza zamani. Karibu na mwaka 1787 katika kilima cha Ambohimanga alitawala mfalme mmoja, Andrianjafy, na watu wake walikuwa wamemchoka. Wakubwa wa ukoo wa Tsimahafotsy, hova watupu, wakamfukuza wakamweka mtoto wa dada yake, yule anayejulikana kwa jina la Andrianampoinimerina. Huyu alikuwa mfalme kweli. Aliunganisha Imerina iliyogawanyika vipande vinne, akachimba mifereji ya mashamba ya mpunga, akapanga masoko. Lakini aliketi juu ya kiti ambacho watu wengine walikuwa wamemfutia vumbi. Alijua deni lake. Aliwapa wakubwa wa koo zile nafasi ya kukaa karibu naye na kusema neno, na watoto wao wakarithi nafasi hiyo. Tangu siku ile mpaka mwisho wa ufalme, hakuna mtu aliyeketi pale pasipo mkono wao.

Akafa mwaka 1810. Mwana wake Radama alikuwa kijana bado. Huyu ndiye aliyefungua mlango kwa Waingereza. Mwaka 1817 alifanya nao mkataba: yeye aache kuuza watumwa ngambo, wao wampe bunduki, baruti na watu wa kufundisha askari, nao wakamwita mfalme wa Madagaska yote. Mwaka 1820 shule ya kwanza ya wamisionari ilifunguliwa Antananarivo. Mbele yake palikuwa na waandishi wachache tu katika nyumba ya mfalme, watu wa kusini-mashariki walioandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu. Sasa wakatokea vijana wengi wenye kusoma na kuandika, na wengi wao walikuwa watoto wa wale wakubwa hova. Sisi makalani tukisoma habari hii tunacheka kidogo, maana tunajitambua. Bwana mkubwa anatia sahihi, ndiyo. Lakini nani anachagua barua ipi ifike mezani leo, na ipi ingoje mpaka wiki ijayo?

Radama alileta pia daraja za heshima katika jeshi, zinazoitwa voninahitra. Zilihesabiwa kwa namba: askari mdogo heshima moja, jemadari kumi, na baadaye wakaongeza namba juu ya kumi. Ninyi mnaosoma daraja yenu katika karatasi ya mshahara mtaelewa upesi. Ila tofauti ni hii: watu wale wa heshima hawakulipwa mshahara hata kidogo. Mkubwa aliishi kwa biashara yake na kwa kazi ya bure ya watu waliokuwa chini yake. Kazi hiyo ya bure waliiita fanompoana, kazi ya mfalme. Tutarudi kwayo, kwa kuwa ndiyo iliyowafikisha mahali pabaya.

Sasa tufike kwenye kitanda alichouliza mzee wetu.

Tarehe 27 mwezi wa saba mwaka 1828 Radama alikufa. Umri wake haukufika miaka 40. Kwa mpango uliojulikana, kiti kilikuwa cha Rakotobe, mtoto wa dada mkubwa wa mfalme, kijana aliyesoma shule. Lakini watu waliokuwa ndani ya nyumba walificha kifo. Siku kadhaa mji haukujua. Mke mmoja wa Radama, Ramavo, alipata habari mapema, na alijua hatari yake mwenyewe. Kwa desturi yao, mtoto atakayezaliwa na mjane wa mfalme alihesabiwa kuwa mtoto wa mfalme yule, hata kama amekwisha kuzikwa. Kwa hiyo Rakotobe akishika ufalme, mjane wa namna hii ni kitu cha kuondolewa. Ramavo hakungoja. Aliwaita maofisa aliowafahamu, na waamuzi, na watunza sanamu za ufalme. Wakaweka askari mlangoni. Mlango ulipofunguliwa, mji ulitangaziwa mambo mawili kwa pamoja: mfalme amekufa, na malkia yupo. Jina lake likawa Ranavalona.

Rakotobe aliuawa. Mama yake aliuawa, baba yake vilevile, na wengine wa damu ile. Mmoja tu aliponyoka vizuri, na huyu tunamtaja kwa sababu habari zake zinafika mpaka kwa watu wa Kiswahili. Aliitwa Ramanetaka, ndugu wa Radama, liwali wa bandari ya Mahajanga. Alipoitwa Antananarivo hakwenda. Alipanda chombo na watu wake, akavuka mpaka visiwa vya Komoro. Kule akashika kisiwa kidogo cha Mwali, akaingia dini ya Kiislamu, akawa sultani kwa jina la Abderahmane. Alipokufa mwaka 1842 binti yake mdogo, Jumbe Fatima, akawa malkia wa Mwali, na baadaye akaolewa na mtu wa jamaa ya sultani wa Unguja. Basi mlango mmoja uliofungwa Antananarivo ulizaa kiti kingine ngambo ya maji.

Ranavalona alitawala miaka 33. Wazungu wengi waliandika kwamba alikuwa mwanamke mwenye wazimu. Sisi hatukubali neno hilo. Aliwaua watu wengi, ni kweli: mwaka 1835 alikataza watu wake kushika dini ya Kikristo na waliokataa kuiacha waliuawa, tena kulikuwa na sumu ya tangena, ambayo mshitakiwa aliimeza pamoja na vipande vitatu vya ngozi ya kuku, na asipovitapika vyote vitatu alihesabiwa mwenye hatia. Hayo hatuyafichi. Lakini mtu mwenye wazimu hawezi kuwazuia Waingereza na Wafaransa pamoja kwa miaka 33. Alijua anachoogopa.

Tazameni lakini watu waliomzunguka. Wa kwanza alikuwa Andriamihaja, kijana jemadari, aliyependwa na malkia. Mwaka 1830 wenzake walimshitaki, na malkia akakubali. Wakaenda kumchoma nyumbani kwake. Mtoto wa malkia, Rakoto, alikuwa amezaliwa tarehe 23 mwezi wa tisa mwaka 1829, na aliandikwa mtoto wa marehemu Radama. Ninyi akina mama mnajua kuhesabu miezi kuliko sisi. Kutoka kifo cha Radama ni miezi karibu 14. Hakuna aliyethubutu kuhesabu kwa sauti.

Aliyefuata ni Rainiharo. Huyu alitoka katika koo zile za hova zilizomsaidia Andrianampoinimerina. Akawa waziri mkubwa na mume wa malkia, mpaka alipokufa mwaka 1852. Alipokufa, nafasi haikutoka nyumbani: wana wake wawili walikwisha kuwa ndani. Mkubwa, Rainivoninahitriniony, alipewa jeshi. Mdogo aliitwa Rainilaiarivony, naye alikuwa karibu na malkia kama kalani wa siri, mwenye kushika muhuri.

Huyu mdogo alizaliwa tarehe 30 mwezi wa kwanza mwaka 1828, na wapiga ramli walisema siku ile ni mbaya. Wazazi wake wakamkataa, akalelewa na jamaa, na ncha za vidole viwili vya mkono wake wa kushoto zikakatwa ili kuondoa mkosi. Mwekeni akilini mtoto huyu mwenye vidole vifupi.

Mwaka 1855 likatokea jambo linalotuhusu sisi watu wa machimbo. Mfaransa mmoja mfanya biashara, Lambert, alimwendea Rakoto, mtoto wa malkia, aliyekuwa na miaka 25 na bado si mfalme. Rakoto akatia sahihi kwa siri karatasi moja. Karatasi ile ilimpa Lambert na kampani yake haki ya kuchimba madini ya kisiwa na kutumia ardhi isiyokaliwa na watu. Mfalme angepata sehemu ya faida. Wandugu, someni tena: inchi haikuwa yake bado, na alikwisha kuitoa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1857, Lambert na Mfaransa mwingine, Laborde, yule fundi aliyemtengenezea malkia mizinga, walishiriki katika shauri la kumwondoa malkia na kumweka Rakoto. Shauri likajulikana. Malkia aliwafukuza Wazungu wale. Mtoto wake hakumgusa.

Tarehe 16 mwezi wa nane mwaka 1861 Ranavalona akafa, na tena watu wa mlango walifanya kazi yao. Kulikuwa na Ramboasalama, mtoto wa dada yake malkia, aliyekuwa na matumaini ya kiti tangu zamani. Waziri mzee Rainijohary alikuwa upande wake. Lakini askari walikuwa mikononi mwa wale ndugu wawili, wana wa Rainiharo. Walizunguka nyumba, Rakoto akatangazwa kuwa Radama wa pili, na Ramboasalama akafungiwa mbali na mji mpaka alipokufa.

Radama wa pili alikuwa mtu mwema wa moyo, na alifungua kila kitu siku moja. Alifuta tangena, akaruhusu dini zote, akafuta kodi ya bandarini, akathibitisha karatasi ya Lambert. Wakubwa waliokula kutoka bandarini walibaki mikono mitupu. Tena mfalme alizungukwa na vijana wenzake walioitwa menamaso, maana yake macho mekundu, wakawa wao ndio njia ya kumfikia. Mkiisha kuwaona wazee wa baraza wakingoja nje na vijana wakiingia ndani, mnajua siku zinahesabika. Mwezi wa tano mwaka 1863 maofisa walidai wapewe menamaso. Mfalme akajaribu kuwalinda. Tarehe 12 wakaingia, wakamnyonga kwa mshipi wa hariri, kwa sababu ilikuwa mwiko kumwaga damu ya mfalme. Mji ukaambiwa kwamba mfalme amejiua mwenyewe kwa huzuni ya rafiki zake. Kulia matanga kulikatazwa. Kwa miaka mingi watu wa mbali walisema hakufa, yuko hai, anajificha.

Hapo, wandugu, tutasimama kidogo, kwa kuwa jambo lililotokea siku ile ndilo tunalolipenda kuliko yote katika habari hii. Maofisa walimwendea mjane wake, Rabodo, wakamletea ufalme. Lakini kabla ya kumtangaza walimwekea mbele yake karatasi yenye masharti. Mwenye kutawala asinywe pombe kali. Asimwue mtu kwa neno lake peke yake. Asitoe sheria mpya pasipo kupatana na wakubwa na vichwa vya watu. Tangena isirudi. Watu wawe huru katika dini zao. Rabodo akakubali, akaitwa malkia Rasoherina. Fikirini: mwaka 1863, katika kisiwa cha Afrika, pasipo Mzungu wa kuwaamuru, watu walimpa mwenye ufalme mkataba autii kwanza. Wale waliokuwa wanatuambia kwamba Mwafrika hajui ila kumtii mfalme wake, hawakusoma ukurasa huu.

Lakini tusijidanganye. Karatasi ile iliandikwa na watu waliotoka kunyonga. Ilimfunga malkia, waziri haikumfunga. Rainivoninahitriniony, kaka mkubwa, alikuwa waziri, akamwoa malkia, na yule aliyekatazwa pombe si yeye. Alilewa, akawatukana watu, akamtisha malkia mwenyewe. Mwezi wa saba mwaka 1864 wenzake wakamtoa, na aliyechukua nafasi ni ndugu yake mdogo, yule mtoto wa vidole vifupi. Akashika uwaziri, na jeshi hakuliacha. Malkia akaachana na mkubwa, akaolewa na mdogo. Rainilaiarivony alikuwa na mke, Rasoanalina, aliyemzalia watoto 16. Akawekwa kando. Jina lake halitajwi sana katika vitabu, kwa hiyo sisi tunalitaja hapa.

Tangu mwaka 1864 mpaka 1895, miaka 31, Rainilaiarivony ndiye alitawala. Rasoherina alipokufa tarehe 1 mwezi wa nne mwaka 1868, alimweka Ramoma wa jamaa ile ile, akaitwa Ranavalona wa pili, akamwoa. Huyo alipokufa mwezi wa saba mwaka 1883, alimchagua msichana mjane wa miaka 21, Razafindrahety, akaitwa Ranavalona wa tatu, akamwoa naye. Waziri alikuwa na miaka 55. Malkia watatu, mume mmoja.

Mtauliza kwa nini malkia, si mfalme. Sisi tunaona hivi. Mwanaume wa damu ya kifalme angetaka kushika jeshi mwenyewe, angekuwa na marafiki zake, kama menamaso. Waziri alikwisha kuona mambo hayo. Lakini malkia akiolewa na waziri, hova anaingia ndani kabisa ya nyumba pasipo kukalia kiti. Watu wanamwinamia malkia, na amri ni ya mume. Basi damu ilibaki kuwa muhuri tu.

Tusimnyime haki yake. Alikuwa mtu wa kazi, na alifanya mengi. Mwaka 1869 yeye na malkia walibatizwa, na mwaka ule ule sanamu za ufalme zikachomwa. Mwaka 1877 aliwafungua watumwa waliotoka bara ya Afrika, watu wa upande wa Msumbiji, walioitwa Wamakua. Mwaka 1881 alitoa kitabu cha sheria chenye vifungu 305, na akaunda wizara za serikali. Shule zilijaa. Lakini kila karatasi ilirudi mezani pake. Wizara zilikuwa na majina na milango, uamuzi ulikuwa nyumba moja tu. Na watumwa wa kisiwa chenyewe hakuwafungua, maana mashamba ya wakubwa yalisimama juu ya migongo yao.

Karatasi ya Lambert haikufa na Radama wa pili. Serikali ilipoikataa, Ufaransa ilidai fidia, na franga 1,200,000 zikalipwa. Mwaka 1883 Wafaransa walirudi na manowari, wakapiga bandari. Vita viliisha kwa mkataba wa tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1885: Bukini ilipe franga milioni 10, na mkubwa wa Ufaransa akae Antananarivo kusimamia mambo ya inchi za nje. Fedha haikuwako. Wakakopa katika benki moja ya Paris, na rehani ilikuwa kodi ya bandari sita. Ndipo waziri akageukia dhahabu. Mbele yake kuchimba dhahabu kulikatazwa kwa adhabu ya minyororo, kwa sababu wafalme waliogopa: Mzungu akiona dhahabu, hataondoka. Sasa mwaka 1886 Mfaransa Suberbie alipewa machimbo makubwa upande wa Maevatanana, na waliochimba ni nani? Watu wa fanompoana, waliokusanywa na kapita wa vijiji, pasipo malipo. Vijana walikimbilia msituni. Wengine wakawa wanyang'anyi. Deni lililotiwa sahihi na wakubwa wachache lililipwa na mtu mwenye jembe, kwa mgongo wake.

Mwaka 1890 Waingereza, wale rafiki wa Radama wa kwanza, walipatana na Wafaransa: ninyi mkubali ulinzi wetu juu ya Unguja, sisi tunakubali wenu juu ya Bukini. Kisiwa kwa kisiwa, kama watu wanaobadilishana mbuzi sokoni. Sultani hakuulizwa, malkia hakuulizwa.

Rainilaiarivony alikuwa mzee sasa, na hakuwa na mrithi wa cheo chake. Mwaka 1893 mwana wake mwenyewe, Rajoelina, alikamatwa kwa shauri la kumpindua, akafukuzwa. Basi vita vilipokuja mwaka 1895 hapakuwa na mtu wa pili. Wafaransa 15,000 walishuka Mahajanga. Homa iliua zaidi ya 5,000 kati yao. Waliouawa kwa risasi hawakufika hata mia. Barabara waliyochimba ikawa kaburi lao. Inchi yenye watu walio tayari kufa kwa ajili yake ingeweza kuwazuia katika njia ile. Lakini yule askari wa malkia alikuwa mtu wa kazi ya bure, asiye na chakula, na jemadari wake alikuwa amemwuzia likizo. Tarehe 30 mwezi wa tisa mizinga ilipiga nyumba ya malkia, na bendera nyeupe ikapanda mchana ule ule.

Mzee alipelekwa Algiers, akafa huko tarehe 17 mwezi wa saba mwaka 1896. Wafaransa wakamweka mzee mwingine, Rainitsimbazafy, aitwe waziri. Mwezi wa tisa mwaka 1896 wao ndio waliotangaza mwisho wa utumwa, jambo ambalo malkia na waziri wangeweza kulifanya na hawakulifanya. Na mwezi uliofuata wakaweka kazi ya lazima yao wenyewe, siku 50 kwa mwaka kwa kila mwanaume. Tarehe 15 mwezi wa kumi jenerali Gallieni aliamuru wapigwe risasi watu wawili mbele ya mji: Rainandriamampandry, waziri wa mambo ya ndani, na Ratsimamanga, mjomba wa malkia. Waliambiwa wana mkono katika uasi wa vijijini. Wakubwa wengine walielewa.

Malkia alibaki bila mlango wa kushikiwa. Tarehe 28 mwezi wa pili mwaka 1897 Gallieni alifuta ufalme, na usiku wakamchukua kwa machela kushuka mpaka pwani. Alikaa Réunion, kisha mwaka 1899 akapelekwa Algiers, mji ule ule alimofia mume wake. Alikufa huko mwaka 1917. Mifupa ya waziri ilikwisha kurudi nyumbani mwaka 1900. Ya malkia ilingoja mpaka mwaka 1938 ndipo ikarudishwa Antananarivo, ikawekwa katika kaburi la malkia Rasoherina, yule aliyeletewa karatasi ya masharti. Nyumba kubwa ya mawe iliyo juu ya kilima pale iliungua usiku wa tarehe 6 mwezi wa kumi na moja mwaka 1995.

Mzee wetu aliyeuliza swali yuko pale nyuma, tunamwona. Sasa ni zamu yake.